Nani Alilifuta Jimbo la Kyaluvu

Kabla sijasema lolote, niweke jambo moja wazi: Kyaluvu lilikuwa jimbo. Si wadi, si kata, si "ile sehemu ya nyuma ya stendi" kama wanavyosema madalali wa nyumba siku hizi. Lilikuwa jimbo kamili la uchaguzi hapa pembeni mwa mji wa Machakos, lenye mbunge wake, ofisi yake ya mawe, na mipaka iliyojulikana hata na mbwa. Tulikuwa walimu, makarani wa baraza la mji, mafundi cherehani, wauza mifugo, na akina mama wenye mguu mmoja shambani na mwingine sokoni. Mbunge akitusahau, tulimwendea kwa miguu na kumkuta akinywa chai. Wa sasa anakaa ng'ambo ya vilima. Ukitaka kumtukana, lazima kwanza ulipe nauli.

Lilifutwa kabla ya uchaguzi wa tisini na saba. Sentensi moja tu kwenye gazeti la serikali: Kyaluvu limeunganishwa na jimbo jirani. Walitumia maneno mengi zaidi kutangaza kupotea kwa hatimiliki ya ploti. Tangu siku hiyo nimeandika barua kwa kila ofisi yenye mlango, na nakala zote ninazo kwenye maboksi ya viatu. Mimi ni fundi wa viatu, maboksi hayanipungukii.

Mwaka huu tume ya mipaka ikatangaza kwamba itasikiliza maoni ya wananchi tena. Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa jamii. Masharti yalikuwa mawili: memoranda iliyopigwa chapa, na shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake yale yanayodaiwa. Ombi lisilo na shahidi linafungwa papo hapo, na mlango hautafunguka tena mpaka mapitio yajayo, baada ya miaka minane, pengine kumi na miwili. Nina miaka sitini na mitatu na wenzangu wanazikwa kila Jumamosi. Kwa hiyo ilikuwa Alhamisi hiyo, au Kyaluvu lizikwe nasi.

Memoranda aliipiga chapa Fathia. Mimi hufanyia kazi kwenye baraza ya duka lake la vitambaa. Babu yake, Korane, alileta ng'ombe hapa wakati stendi bado ni majani, na Fathia mwenyewe anaongea Kikamba kuliko wajukuu zangu. Alipofika ukurasa wa tatu akaacha kuandika.

"Fundi, hapa umesema 'kura zetu ziliibwa mchana kweupe.' Nani aliona?"

"Dunia nzima iliona."

"Dunia nzima haitapata nafasi ya kukaa Alhamisi. Nipe jina moja."

Nieleze kwa ajili ya waliozaliwa juzi. Mwaka wa themanini na nane, katika mchujo wa chama, na chama kilikuwa kimoja tu, hatukupiga kura kwa karatasi. Mtu alisimama mbele ameinua picha ya mgombea, na wewe ukapanga mstari ukiitazama hiyo picha, uwanjani, juani, ukahesabiwa kama mbuzi wa mnada. Mtu wetu alikuwa Mwalimu Kasyoka. Nusu ya jimbo aliifundisha kusoma, nusu nyingine aliichapa viboko, na wote walimpenda. Mpinzani wake alikuwa Kimeu, mwenye malori ya mawe. Vituo vingine viligawana sawasawa. Cha kwetu, shule ya msingi, ndicho kiliamua, na Kimeu akatushinda kwa watu arobaini na mmoja. Akakaa bungeni mihula miwili. Watu wa mipaka walipomwuliza kama Kyaluvu liunganishwe na majirani, alikuwa ameshajenga kwingine, akajibu, "Hakuna shida." Hivyo tu. Mwalimu hakusimama tena. Alisema amehesabiwa mara moja, imetosha.

Hesabu yangu kwa miaka thelathini na saba ilikuwa fupi: bila wizi, Mwalimu angekuwa bungeni, na Mwalimu akiwa bungeni, jimbo lingekuwepo.

"Aliyeshika picha ya Mwalimu siku hiyo yuko hai," akasema Fathia. "Susu Mbula."

Nikapigilia msumari kwenye soli ambayo haikuhitaji msumari.

"Fundi? Susu Mbula si ni—"

"Najua ni nani."

Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyu Mbula ni mama wa mke wangu, Nzisa. Na kwetu Ukambani, walau kwa watu wa rika langu, mtu na mama mkwe wake wana nthoni, yaani heshima iliyochanganyika na haya. Hamli pamoja, hamkai pamoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja wenu anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli vichakani. Ukiwa na neno, unalipeleka kwa mdomo wa mtu mwingine, au mnaongea ukuta ukiwa katikati. Vijana wa leo wanapiga selfi na mama wakwe zao, shauri yao. Mimi nimemwoa Nzisa miaka thelathini na tisa iliyopita, na mama yake namjua kwa kikohozi chake na kwa kisogo chake.

Jioni nikamwomba Nzisa anipelekee swali. Alikuwa akichambua ndengu, wala hakuinua kichwa.

"Mimi si redio, nipokee huku nitangaze kule. Mchukue Fathia. Yeye hana nthoni na mtu."

Jumanne asubuhi tukaenda, Fathia na mimi. Mama Mbula alikuwa jikoni kwake, nyumba ndogo ya matofali, akisuka kyondo, kikapu cha mkonge. Nilikaa nje kwenye kigoda, mgongo wangu ukiegemea ukuta. Fathia akakaa kizingitini, katikati yetu, kama refa.

"Mwambie huyo mtu aliye nje," ikasema sauti kutoka ndani, "karibu na tanki kuna kiti chenye mgongo."

"Anasema kuna kiti—"

"Nimesikia. Mwambie hiki kinatosha."

"Susu, anasema hiki—"

"Mimi si kiziwi, Fathia."

"Sasa kama mnasikiana," akalalamika Fathia, "mimi niko hapa ya nini?"

"Wewe ndiye heshima," akasema Mama Mbula. "Kaa hapo hapo, usisogee. Haya, anataka nini?"

Nikasema ninamtaka awe shahidi wa jinsi kura za Mwalimu zilivyoibwa. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia tangu nioe katika nyumba ile: mama mkwe wangu akicheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Muulize, siku ile aliingia uwanjani saa ngapi?"

"Saa moja," nikajibu kabla Fathia hajafungua kinywa.

"Mimi nilikuwa nimesimama wapi?"

"Mbele. Mwambie alikuwa mbele, ameinua picha, anatutazama sisi."

"Vizuri. Na walionitangulia kupanga mstari ni akina nani?"

"Akina mama wa kanisa."

"Akina mama wa kanisa. Waliamka saa kumi wakaja na kanga zao wakanipangia mstari mzuri kama wa kwaya. Halafu wanaume mkaja mmekwisha kunywa chai. Na chifu alikuwa anapiga kelele gani?"

Nilikumbuka. Alitaka kila mstari utoshee uwanjani kabla ya saa mbili, saa ya kufunga geti. "Banana! Kifua kwa mgongo! Nataka kuona mstari, sitaki kuona harusi!"

"Kifua kwa mgongo," akarudia Mama Mbula. "Sasa, Fathia, wewe ni mtoto, hujui. Kyaluvu tulikuwa tumeoana wenyewe kwa wenyewe. Msichana wa huku, kijana wa pale juu. Kila mwanamume aliyefika kwenye ule mstari alikuta mgongo wa mama mkwe wake, au wa dada ya mama mkwe wake. Na akiinua macho aikwepe ile migongo, ananikuta mimi na picha. Mimi niliwaona wote, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kusimama na kutazama. Mikono iliniuma, nikawa nahesabu nisiangushe picha. Wa kwanza kutoka alikuwa na shati la kijani."

Fathia akageuka kunitazama. Nikajifanya nakagua soli ya kiatu changu.

"Baada ya shati la kijani wakatoka wawili. Halafu watano. Huyu anakwenda chooni, huyu anakwenda kufunga kamba ya kiatu nyuma ya darasa. Kumi na mmoja wakavuka wakajipanga kwa Kimeu, kwa sababu kule walikuwa wanaume watupu, hakuna mama mkwe. Kila mmoja alitoka peke yake, akiangalia chini, akidhani hakuna mwingine. Waliotoka wote ni hamsini na watatu. Geti likafungwa. Hesabu, fundi."

Hesabu nilikuwa nimeshaifanya. Lile shati la kijani lilikuwa langu la harusi.

Naliandika hili kwa mkono wangu, kwa hiyo mnaweza kuniamini. Mimi nilijua kuhusu shati langu. Kile nisichokijua ni wale hamsini na wawili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa la tano nikijiambia mtu mmoja hapunguzi kitu, na matokeo yaliposomwa nikawa wa kwanza kupiga kelele "Wezi!" Nilipiga kwa nguvu hata polisi wakanichukua. Nilikaa ndani siku nne, nikatoka shujaa, na tangu hapo sijanyamaza. Pale nje ya jiko ndipo nikaelewa kwa nini wanaume wa rika langu, nikianza habari ya themanini na nane pale barazani, hukumbuka kwamba wameacha maji motoni.

"Mwambie nitakuja Alhamisi," ikasema sauti jikoni. "Lakini akisoma kwamba hesabu ilichezewa, nitasimama nirudi kwenye kyondo changu. Mwalimu alikufa akidhani watu wake hawakumtaka. Nilimwendea nikamweleza, akakataa. Alisema hakuna mwanamume anayeweza kuacha jimbo kwa sababu ya mama mkwe."

Njiani Fathia alijizuia mpaka tulipopita kanisa, kisha akacheka akashika ukuta.

"Cheka," nikamwambia. "Na Alhamisi ukumbi mzima utacheka, na tume itasema hawa watu walilipoteza wenyewe, wafunge faili."

"Basi usiseme."

"Nisiposema sina shahidi, faili inafungwa vilevile."

"Kwa hiyo umekwama, fundi."

"Sijakwama! Nafikiri."

Nilifikiri Jumanne yote na Jumatano yote. Jumatano nilimshonea mteja kiatu cha kulia soli ya kushoto. Ukurasa wa tatu ukabaki kama ulivyokuwa.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Komishna alikuwa mama mtulivu mwenye miwani, aliyekuja kutoka mbali na asiyejua kwetu. Karani wake, Bartholomew, alikuwa kijana mwenye tai na sauti ya kusoma mashtaka. Mbele kulikuwa na meza moja, viti viwili vilivyogusana, na maiki moja. Mama Mbula alikuwa ameshakaa, kitambaa cheupe kichwani, akitazama mbele. Mimi nikasimama mlangoni.

"Kyaluvu!" akaita Bartholomew. "Mwasilishaji, mezani."

"Nitasemea hapa."

"Maiki haifiki hapo, mzee."

"Sauti yangu inafika. Waulize polisi."

Watu wakacheka. Bartholomew hakucheka. "Kanuni inasema mwasilishaji na shahidi wakae pamoja mezani. Ama niandike kwamba mwasilishaji hakufika?"

Komishna akashusha miwani. "Mzee Nzioka, kuna tatizo gani na kile kiti?"

Nikautazama ukumbi. Wazee wenzangu wote, kuanzia Mwanzia aliyekuwa karani wa baraza la mji hadi Nzuki wa mashine ya kusaga, walikuwa wakitazama viatu vyao. Vingi kati ya viatu hivyo nilivitengeneza mimi, najua havina cha kutazamwa. Nikaona kwamba nikijibu swali hili dogo la kiti, nitakuwa nimeshajibu lile kubwa.

"Madam, yule ni mama mkwe wangu," nikasema. "Kwetu mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe. Hawezi. Hata jimbo likiwa hatarini hawezi. Na hivyo ndivyo tulivyolipoteza."

Nikaeleza yote: akina mama wa kanisa, chifu na banana yake, kifua kwa mgongo, darasa la tano. "Wa kwanza kutoka kwenye mstari wa Mwalimu Kasyoka alivaa shati la kijani," nikasema. "Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Kisha Mwanzia akakohoa.

"Mimi nilikuwa chooni," akasema. "Nilikaa mle mpaka geti likafungwa. Na vile vyoo mnavikumbuka."

"Mimi nilikuwa nyuma ya jiko la shule," akasema mwingine.

Mama mmoja mjane akainua mkono. "Marehemu wangu aliniambia alitoka kwenda kuangalia ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe."

Hapo ndipo ukumbi ukapasuka. Liban, baba yake Fathia, akasimama huku akipangusa macho. "Mimi nilikuwa kijana, mama mkwe sikuwa naye! Lakini huyu Nzuki alinivuta mkono tutoke wote, asionekane peke yake. Mimi nikadhani ameugua tumbo!"

"Liban, hiyo ungeiacha nyumbani," akasema Nzuki.

Bartholomew akagonga meza mara tatu. Komishna alikuwa akiandika, na midomo yake ilikuwa na shida ya kutulia. Kisha akaacha kalamu, akaniuliza lile swali nililoliogopa tangu Jumanne.

"Kwa hiyo, mzee, hamkuibiwa. Mliacha wenyewe. Tume itafanya nini na hilo?"

Nikahisi damu ikipanda, ile ile ya themanini na nane, ila safari hii ilijua inakokwenda.

"Tuliibiwa, Madam!" Kiti cha Mama Mbula kikalia. Nikaharakisha. "Hesabu haikuchezewa, hapana. Walituibia kabla ya kuhesabu. Ni nani aliyeamua kwamba watu wapige kura kwa kusimama, uso kwa uso, mchana, mbele ya chifu na wakwe zao? Alituuliza sisi ni watu wa namna gani? Kwenye kibanda cha kura unaingia peke yako. Mama mkwe hayumo. Sisi tuliambiwa tuvue heshima getini ndipo tuingie, na hatukuivua. Hilo ni lao. Lakini baada ya hapo tulidanganya, tukadanganya mpaka Mwalimu akaingia kaburini akidhani tulimkataa. Hilo ni letu. Andika yote mawili, usichague!"

Mama Mbula alikuwa amesimama. Nikaona kisogo chake, kitambaa cheupe, mkono juu ya meza. Nikajua anaondoka. Nikajua nimetupa kila kitu kwa sababu ya neno moja ambalo sikuweza kuliacha.

Akaivuta maiki.

"Nilishika ile picha," akasema. "Niliwaona wote. Alivyosema ndivyo ilivyokuwa, na hilo la kuvua heshima mimi sikuwa nimelifikiria. Andika." Akakaa.

Komishna akamtazama karani wake. "Shahidi tunaye. Sasa wasaini, mezani, kama kanuni inavyosema." Akazungusha macho ukumbini, yakatua kwenye bango la tume, lile refu la kitambaa lenye ramani ya nchi na majimbo yake yote isipokuwa letu. "Bartholomew, lete lile bango. Liweke katikati ya viti."

Bartholomew akalibeba bango. Ndipo nikaenda nikakaa, Mama Mbula upande wa Pwani, mimi upande wa Turkana.

Fathia alikuja na memoranda na kalamu. Ukurasa wa tatu niliufuta mwenyewe, sentensi kwa sentensi, kwa mkono ambao ulizoea kuziandika. Nikaandika pembeni yaliyotokea. Nilipomaliza, sauti ikatoka nyuma ya kitambaa.

"Fathia, muulize ameandika nini juu ya Mwalimu."

"Soma, fundi."

Nikasoma: "Watu wa Kyaluvu walimtaka Mwalimu Kasyoka. Walishindwa kusimama."

Sauti ikarudi. "Aongeze kwamba walikuwa hamsini na watatu. Asije mtu akadhani ni wawili watatu."

Nikaongeza. Akasaini upande wake, mimi nikasaini upande wangu, Bartholomew akawa anazunguka bango na karatasi. Kisha akachukua muhuri, akapuliza, akagonga: IMEPOKELEWA. Ombi la Kyaluvu likaenda hatua ya pili.

"Kupokelewa si kukubaliwa," akanionya. "Mna siku ishirini na moja kuleta ramani ya mipaka ya zamani. Bila ramani, linarudi."

Nje, kwenye ngazi, wazee walinizunguka. Mara ya kwanza kwa miaka thelathini na saba hakuna aliyekuwa na maji motoni. Mwanzia alianza kubisha kwamba yeye alitoka mstarini kabla yangu, eti shati la kijani lilikuwa la pili. Nikamwambia hata chooni alichelewa. Nzuki akasema mpaka wa jimbo ulipita kwenye kisima cha misheni. Liban akaapa ulipita nyuma ya zizi la baba yake, na kwamba kuna jiwe. Nikawaambia wote wawili hawajui wanachokisema, jiwe lilihamishwa mwaka wa sabini na nne, na anayebisha afunge kamba za viatu vyake twende tukalitafute sasa hivi, kabla jua halijatua.

Wakafunga. Wengine walikuwa wamefunga tayari.